Jina Nililolitoa Kwenye Foleni ya Unga

Uthiru, Jumapili jioni

Nekesa, mtoto wangu wa pekee,

Umeenda kunyolewa kwa Mama Shiro na nimemwomba akucheleweshe. Akimaliza kichwa atakupa chai, na chai ikiisha atakusimulia tena ile harusi ya binamu yake wa Limuru. Vumilia. Nahitaji muda, kwa sababu mkono huu haujaandika kitu kirefu tangu nilipoacha shule Form Two, na unajua niliiacha kwa sababu ya nani. Sijajuta, na leo si siku ya kuanza.

Sitakuandikia habari za sabuni na soksi. Orodha ya shule tumeipitia mara tatu, na kama kuna kilichosahaulika utaazima kama watu wengine. Sitakwambia uombe Mungu, maana wewe unaomba kuliko mimi. Sitakwambia uogope wavulana pia. Mimi nilipoambiwa hivyo nilienda kutazama ni nini hasa cha kuogopwa.

Nakuandikia kwa sababu ya fomu.

Ijumaa nilikuwa napanga karatasi zako za shule nikaona umeijaza mwenyewe, kwa ule mwandiko wako wa kulala upande. Jina la mwanafunzi. Mahali alipozaliwa. Halafu penye jina la baba umeandika, bila hata kalamu kutikisika, Josephat Simiyu. Na penye kazi ya baba umeandika: mfanyakazi wa msaada.

Niliketi kitandani na ile karatasi mpaka maji ya ugali yakakauka jikoni. Ulirudi ukauliza ni nini kinaungua, nikasema ni sufuria tu. Hapo ndipo nilipokumbuka yale niliyokusikia ukimwambia Shiro mkifua nguo, ukidhani nimelala: "Baba alikuja wakati wa mafuriko. Mrefu, ana koti la kijivu. Alikuwa amebeba mablanketi." Shiro akakuuliza, "Sasa ako wapi?" Ukamjibu kama mtu asomaye habari redioni, "Anasaidia watu kwingine."

Nekesa, hakuna Josephat Simiyu. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi, kwenye foleni ya unga, nikiwa nimelowa mpaka kwenye mifupa. Najua hilo linauma kulisoma. Kaa chini ulisome. Ningekwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu umeshindwa miaka saba, na kesho asubuhi tunaondoka.

Unakumbuka Kangemi kidogokidogo, najua. Tulikaa kule chini bondeni, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vya mabati, chetu cha nne ukitoka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa wa kuruka tu. Wakati wa kiangazi ulikuwa ukiuvuka na viatu mkononi, na maji hayakufiki magotini. Mwaka ule mvua ilianza ikakataa kwisha. Wanaume wa ploti walisema maji hayawezi kupita lile jiwe jeupe. Yakapita. Wakasema hayawezi kufika chooni. Siku iliyofuata alfajiri nikasikia sufuria zikigongana chini ya kitanda, nikadhani ni panya, nikashusha mguu kumfukuza. Maji yalinifika gotini.

Nilikutoa wewe. Hilo ndilo nililolifanya sawasawa siku ile. Nilikutupa mgongoni nikafunga leso, nikatoka na wewe na leso na sufuria moja, usiniulize kwa nini sufuria. Mkebe wa karatasi uliokuwa juu ya kabati ulienda. Kadi yako ya kliniki, cheti chako cha kuzaliwa, picha yangu ya shule, vyote. Tulipofika juu barabarani na kugeuka, chumba cha kwanza na cha pili havikuwepo tena, na mabati ya cha tatu yalikuwa yakienda na maji polepole kama mtu anayetembea baada ya kushiba.

Tukalazwa kwenye ukumbi wa kanisa, watu kama mia na zaidi, sakafu ya saruji. Siku ya pili walikuja Masingasinga wa hekalu la upande wa Westlands, na pikapu yenye masufuria makubwa ya dengu na wali. Mzee mmoja mwenye kilemba cha bluu alikuwa anapitisha mkono akionyesha sakafu, "Kaa, mama. Kaa tu." Hakumuuliza mtu jina. Hakuuliza nani ni mwenye nyumba na nani si mwenye nyumba. Aliyekaa alipakuliwa. Mama mmoja alimuuliza tujiandikishe wapi, naye akashangaa kweli, akasema, "Kuandika nini? Si una njaa?" Wewe ulikula mara mbili. Nakueleza hili ili ujue kwamba njia nyingine ilikuwepo, na tuliiona kwa macho yetu, halafu kesho yake tukarudi kwenye ile ya kwetu.

Njia ya kwetu ilikuwa daftari la mzee wa kijiji. Sitamtaja jina, amekwishakufa na watoto wake ni watu wazuri. Lori la msaada lilikuwa linakuja na unga, maharagwe, mablanketi na maturubai, na watu wa msaada walikuwa wametaka orodha ya familia zilizopatwa. Mzee akaweka meza nje ya kanisa, akafungua daftari. Kurasa za mbele ni za wanaume wenye nyumba. Kurasa za nyuma ni za akina mama wasio na mtu. Na kila mtu pale alijua bila kuambiwa kwamba unga huisha kabla ya kurasa za nyuma.

Foleni ikafika kwangu. Wewe ulikuwa umenishika leso.

"Jina la mwenye nyumba?"

"Beatrice Nelima."

Hakuandika. "Nimesema la mwenye nyumba. Sijasema la mpishi."

Watu wakacheka. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kicheko cha watu kilinichoma kuliko baridi. Mama Shiro alikuwa nyuma yangu akanifinya ubavuni. "Toa jina la mwanaume, wee! Lolote! Mimi ninampa la marehemu."

"Mama, unachelewesha watu," mzee akasema.

"Josephat Simiyu," nikasema. "Yuko kazini."

Josephat lilikuwa jina la mwalimu wangu wa hesabu. Na Simiyu, unajua kwetu ni mtoto wa kiume aliyezaliwa kiangazi, na kwa mvua ile mimi nilikuwa tayari kuolewa na kiangazi chenyewe. Hivyo ndivyo alivyozaliwa yule unayemwita baba. Hakuchukua hata dakika moja. Mzee akamwandika ukurasa wa pili, mstari wa juu, mahali pazuri. Tulipotoka kwenye meza ukaniuliza, "Josephat ni nani?" Nikakwambia nyamaza. Watoto hawanyamazi ndani ya kichwa, hilo nimelijua baadaye.

Lori likaja kesho yake. Mimi nilikuwa nimejipanga: jina likiitwa nitasema mume wangu yuko kazini, mimi ni mkewe, nitie kidole hapa nichukue. Wanawake wengi walifanya hivyo na wakapewa. Mzee akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. "Josephat Simiyu!"

Kabla sijanyanyua mguu, mwanaume akaitika nyuma yetu. "Niko!"

Mrefu. Koti la kijivu. Huyo ndiye unayemkumbuka, na umemkumbuka vizuri. Alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakicheza karata na mzee pale kwenye kibanda cha makaa. Kama waliliona lile jina halina mtu wakagawana, au kama alijaribu bahati yake tu, sijui mpaka leo. Alipita mbele yangu akachukua gunia dogo la unga, maharagwe, turubai, na mablanketi mawili akayatupa begani.

Na wewe ukavuta leso yangu ukauliza kwa sauti ya kanisa zima, "Mama! Huyo ndiye Josephat? Ndiye baba?"

Hukungoja jibu. Ukaita, "Baba!"

Yule mtu akageuka. Akakuona, akaniona mimi, na akaelewa yote mara moja, kwa sababu wezi si wajinga. Alitabasamu. Alikupungia mkono, Nekesa. Ule mkono ndio umeubeba miaka saba. Ukataka kumkimbilia, ukawa umeshaponyoka, nami nikakudaka na nikakupiga kofi.

Hujawahi kuniuliza juu ya kofi lile. Nimekungojea uniulize. Wewe ulikuwa na miaka saba na ulikuwa umefurahi, nami nilikupiga usoni mbele ya watu kwa sababu ulikuwa unasema kweli jinsi ulivyoielewa. Ningeweza kupiga kelele: huyo ni mwizi, huo unga ni wetu. Lakini angeniuliza, Josephat wako yuko wapi basi? Na hapo ningelazimika kusema hayuko, hajawahi kuwa, mimi ni mwanamke peke yangu na mtoto, na niliongopa. Niliona aibu hiyo ni kubwa kuliko blanketi. Kwa hivyo nikamwacha aende navyo, nikakupiga wewe. Sikuombi uniambie haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Nisamehe ukiweza, na usipoweza leo, nitangoja tena.

Usiku ule tulilala wawili ndani ya leso moja yenye maji. Kesho yake ukaanza kukohoa. Siku ya pili ulikuwa unavuta pumzi na mbavu zikiingia ndani kama mtu anazivuta kwa kamba, na macho yako yakawa hayanitazami. Mama Shiro alikimbia barabarani akasimamisha gari la mkate, na dereva akatupeleka hospitali tukiwa tumekaa katikati ya trei. Daktari alisema nimonia. Akaniuliza, "Mtoto alikuwa analala na nini?" Nikamwambia. Akaandika. Hakusema neno lingine, na ningependa angesema.

Kuanzia hapa hujui, kwa sababu ulikuwa wodini. Hii ndiyo sehemu niliyopaswa kukusimulia kila mwaka badala ya hadithi za sungura.

Hospitali hawakutaka wazazi wodini mchana. Siku ya nne yako mle ndani, nikasikia lori linakuja mara ya pili, nikatembea kwa miguu mpaka Kangemi. Sikuwa na mpango. Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini njiani, nilikuwa nawaza mbavu zako.

Nikafika wakati mzee anasoma ukurasa wa pili. Safari hii palikuwa na msichana wa watu wa msaada, amevaa koti la mvua la manjano, amesimama kando ya lori akiweka alama. "Josephat Simiyu!" Na yule bwana, bila haya, "Niko!"

Nikatoka kwenye foleni nikasimama kati yake na lori.

"Huyu si Josephat."

"Wewe mama, toka laini," mzee akasema.

"Siko kwenye laini. Huyu si Josephat, kwa sababu hakuna Josephat. Nilimtunga mimi. Mwenye nyumba ni mimi, mpishi ni mimi, na mtoto wangu yuko hospitali kwa sababu huyu alilalia blanketi letu."

Yule bwana akacheka. "Mke wangu amechanganyikiwa na mvua," akawaambia watu.

"Sawa," nikasema. "Mimi ni mke wako. Mtoto wetu anaitwa nani?"

Akatazama juu, akamtazama mzee. "Si... Wanjiku?"

Nekesa, Simiyu wa kwetu na binti mwenye jina la Kikuyu, watu walicheka mpaka mzee mmoja akakaa chini kwenye tope. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Simiyu amezaa Wanjiku! Hii mvua imeleta mambo!" Lakini mzee wa kijiji hakucheka. Akapiga daftari mezani.

"Kwa hivyo mama, umekiri mbele ya watu. Ulidanganya serikali."

"Nilidanganya daftari lako," nikasema. "Lilitaka kudanganywa. Nilikupa jina langu la kweli ukalikataa."

"Mwongo hapewi unga."

"Basi huo unga urudi na lori, maana hapa pamejaa waongo." Nilikuwa naogopa, usidhani mama yako ni simba. Sauti ndiyo ilikataa kutetemeka. "Siondoki. Niite polisi, niite chifu. Nitakaa hapa chini."

Nikakaa. Kwenye tope, mbele ya gurudumu la lori, na nguo yangu moja. Mzee akamwambia dereva anisogeze. Dereva akawasha sigara akatazama upande mwingine.

Hapo ndipo Mama Shiro akatoka. Unamjua alivyo mnene na asivyopenda kuinama, lakini alikuja akaketi kando yangu, akalalamika juu ya mgongo, halafu akasema kwa sauti ile yake ya kuuza mboga za sukuma, "Mzee, na wangu ukurasa wa kwanza. Huyo alikufa miaka minne iliyopita, ulikula nyama kwenye matanga yake. Mwite basi. Akiitika mimi ndio nitakimbia!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Kisha mama mwingine akasema, "Wangu aliniacha, yuko Mombasa na mwingine." Na mwingine, "Wangu ni jina la kaka yangu." Mwingine akasema mume wake yupo, ni mzima, yuko palepale, ila hajawahi kuleta unga nyumbani hata wakati wa jua, na huyo mume alikuwa nyuma yake akainamisha kofia. Mmoja baada ya mwingine. Nusu ya kurasa za wanaume zilikuwa wanawake waliojificha nyuma ya jina.

Msichana wa koti la manjano akaja akachukua daftari, akalipekua, akauliza, "Tuandike vipi basi?" Nikamwambia, tuandike kwa mlango. Mlango uliochukuliwa na maji, nani alikuwa anapika ndani yake. Huyo ndiye aitwe.

Mzee akatupa kalamu juu ya meza. "Haya! Andika wewe, mwalimu!" Alidhani ananikomesha. Nikainuka na matope yangu nikakaa kwenye kiti chake.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo ninalolipenda kuliko yote ya siku ile. Wa kwanza alikuwa Mama Shiro. Nikamuuliza, "Jina?"

"Wee, si unanijua? Mama Shiro."

"Jina lako. Si la mtoto."

Alisimama pale. Tumekaa ploti moja miaka mitatu, tumeazimana chumvi na jembe, na sikuwahi kulijua. "Grace," akasema polepole. "Grace Wambui." Halafu akarudia, kama anajaribu kiatu. Na ilikuwa hivyo kwa wengi. Mama Otieno, Mama Kevo, Mama Pacha, kila mmoja nilimuuliza na kila mmoja alitua kidogo kabla ya kujibu. Mmoja alisema, "Hilo sijaitwa tangu nitoke shule." Mmoja, mwanamke wa makamo wa chumba cha tisa, alinong'ona jina lake sikioni mwangu kama siri, akaangalia nikiliandika, akaniomba nimsomee.

Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Wakaitwa wote, wakapewa wote, wa mbele na wa nyuma, kwa sababu hapakuwa tena na nyuma. Na lori lilipofunga mlango wake ndipo nilipogundua kwamba sikujiandika mimi.

Ndiyo, cheka. Mama Shiro alicheka mpaka akalia, halafu akakata blanketi lake moja katikati kwa kisu cha sukuma. Nusu ile ndiyo niliyokujia nayo wodini jioni. Hukujali. Ulifungua macho ukaniambia, "Baba alileta?"

Hapo, Nekesa. Pale pale. Nilikuwa nimetoka kumkana yule mtu mbele ya kijiji kizima, nimekalia tope, nimemshinda mzee kwenye kiti chake. Na mbele ya mtoto mmoja kitandani, nikashindwa. Ulikuwa umeniangalia kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Nikasema, "Ndiyo."

Ulipokuwa Darasa la Tatu uliuliza yuko wapi, nikasema amesafiri. Ulipokuwa la Sita uliuliza kama anajua tumehamia Uthiru, nikasema labda. Walipotaka jina la kutengeneza cheti kipya cha kuzaliwa nikaacha mstari ule wazi, lakini wewe ulikuwa umeshaujaza kichwani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko ya Kangemi mpaka hospitali, na kila hatua nimekutembeza. Mama Shiro amenifokea kila mwaka, "Mwambie mtoto." Nikamjibu kila mwaka, akiwa mkubwa. Sasa umekuwa mkubwa, na umeniandikia uongo wangu mwenyewe kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Niliwaza kukwambia kwamba uongo ni mbaya. Hapana. Uongo ule wa foleni sijautubia. Wakinipanga tena nyuma na wewe una njaa, sijui nitasema nini. Ninaoutubia ni ule wa wodini, kwa sababu huo sikuutoa kwa mtu mwenye daftari. Niliutoa kwa mtu aliyeniamini. Hiyo tofauti imenichukua miaka saba kuijua, na ndiyo elimu yangu yote.

Baba yako ni mtu. Anaitwa Fred Barasa. Alikuwa anasomea useremala, alikuwa na meno mazuri na mzaha mwingi, na alipoambiwa habari zako alisema anaenda Kisumu kutafuta kazi atatuma barua. Barua haijafika. Hakunipiga, hakunitukana, alienda tu. Sijui kama yu hai. Ukitaka kumtafuta ukimaliza shule nitakupa jina la kijiji chao na nitakufungia chakula cha njiani. Ila hakuwahi kubeba blanketi la mtu. Hilo blanketi lilikuwa letu, na aliyelitembeza begani alikuwa akilipeleka kwake.

Jana nilienda kwa mwalimu mkuu wako wa zamani, nikamwomba fomu nyingine. Aliniuliza kuna nini na ile ya kwanza, nikasema imemwagikiwa na chai. Unaona, bado naongopea watu wenye meza. Fomu mpya iko chini ya barua hii. Sijaandika kitu juu yake. Pale pa baba ukitaka andika Barasa, ukitaka weka mstari, ukitaka andika jina langu. Huko shuleni kutakuwa na wasichana wenye baba wa magari kutoka Karen na Spring Valley, na mtu atakuuliza, na utaona joto masikioni. Nalijua joto hilo. Halijaua mtu. Nimelikalia kwenye tope na bado niko hapa nakufulia soksi.

Na jambo la mwisho. Mjomba wako Wycliffe ameniambia kwamba umemwomba yeye ndiye akupeleke kesho, "ili kuwe na mwanaume." Nimemshukuru, nimemwambia alale. Nakupeleka mimi. Nimeshaomba ruhusa kazini, na mama wa kule amenuna lakini ameitoa. Tutashuka mjini, tutapanda basi, tutafika kwenye lile geti, na wakiuliza mzazi ni nani nitasema ni mimi, kwa sauti watakayosikia. Ukitaka simama mbali kidogo. Sitakuvuta leso.

Ukirudi kutoka kwa Mama Shiro utaikuta hii juu ya sanduku, nami nitakuwa nje naosha vyombo. Usipotoka kuzungumza nami sitagonga mlango. Kasirika, una haki. Lakini basi linaondoka saa moja asubuhi na haliwangoji waliokasirika, kwa hivyo tutakasirikiana njiani, na kiti cha dirishani ni chako.

Mama yako,
Beatrice Nelima